Kituo na Kampasi: Reli ya Isaka–Rusumo na Elimu ya Juu ya Ngara na Biharamulo

Wilaya za Ngara na Biharamulo, kusini-magharibi mwa Mkoa wa Kagera, hazina njia ya reli wala kampasi ya chuo kikuu. Anayetaka treni huifuata Isaka mkoani Shinyanga, au Mwanza, ambako tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limemwondolea foleni ya kivuko. Anayetaka shahada hufunga safari hadi Mwanza, au mbali zaidi: Dodoma, Morogoro, Dar es Salaam. Treni ni shughuli ya wizara moja na chuo ni shughuli ya wizara nyingine, na kwa kawaida hayazungumzwi katika kikao kimoja. Hapa yanatazamwa pamoja kwa sababu reli ya Isaka–Rusumo bado iko kwenye michoro. Stesheni iliyo kwenye mchoro huhamishwa kwa kalamu. Iliyokwisha kumwagiwa zege haihamishwi.

Wazo la treni kufika Ngara lina umri wa zaidi ya miaka 100. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka huohuo wa 1914 serikali ya Ujerumani ilipata idhini ya fedha za kujenga tawi kutoka Tabora hadi kwenye pinda la Mto Kagera, pale mto unapoacha kwenda mashariki na kugeukia kaskazini. Pinda hilo liko jirani na maporomoko ya Rusumo. Kazi ilianza upande wa Tabora, vita ikaisimamisha. Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliielekeza reli Mwanza, ikafika huko mwaka 1928, na pinda la Kagera likabaki bila mataruma.

Reli nyingine isiyojengwa iligusa hata mipaka. Katika mapatano ya mwaka 1919 kati ya Uingereza na Ubelgiji, eneo la Gisaka, ng'ambo ya Rusumo, lilikatwa kutoka Rwanda na kupewa Waingereza waliotaka njia ya treni ya kuunganisha kusini na kaskazini mwa Afrika ipite magharibi mwa Kagera. Treni haikuja, na kufikia mwaka 1924 Gisaka ilikuwa imerudishwa Rwanda. Ni nadra kwa reli ambayo haikuwekewa hata taruma moja kuhamisha watu kutoka himaya moja hadi nyingine, tena mara mbili katika miaka mitano.

Mwaka 1977 Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia saini, palepale Rusumo, mkataba wa kuanzisha shirika la kuendeleza bonde la Kagera, na Uganda ikajiunga mwaka 1981. Shirika hilo lilivunjwa mwaka 2004. Lililosalia kutoka katika fikra zake ni mtambo wa umeme wa Rusumo wenye uwezo wa megawati 80, zinazogawanywa na nchi tatu. Baadaye ulikuja mradi wa reli ya Dar es Salaam–Isaka–Kigali, na tawi lake la kwenda Gitega na Musongati nchini Burundi. Katika mradi huo njia panda ya reli iliwekwa Keza, wilayani Ngara: mkono mmoja kuelekea Rusumo na Kigali, mwingine kuelekea Burundi. Mwanzoni mwa mwaka 2018 Tanzania na Rwanda zilikubaliana kujenga kipande cha Isaka–Kigali kwa kiwango cha kimataifa, yaani reli yenye upana wa milimita 1,435 badala ya milimita 1,000 za reli ya zamani.

Tangu hapo mambo yamegeuka. Reli ya Tanzania imesonga kwa kasi kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na vipande vya Tabora–Isaka na Isaka–Mwanza vimepata wakandarasi. Burundi nayo imepata njia nyingine: Januari 2025 ulisainiwa mkataba wa ujenzi wa reli ya Uvinza–Musongati, na Agosti mwaka huo kazi ikazinduliwa Musongati. Njia hiyo inapita kusini, Mkoa wa Kigoma, na kuiacha Keza pembeni. Kwa Ngara hili ni pigo, kwa kuwa njia panda ndiyo iliyokuwa ikiipa Keza umuhimu katika hesabu za reli. Hoja zilizobaki ni mizigo ya Rwanda na nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara. Nikeli yenyewe imepangiwa kusafishwa Kahama, hivyo hata kama madini hayo hayatapita Rusumo, yatahitaji njia ya kutoka Ngara kwenda Kahama, ambayo ni sehemu ya njia ileile ya kwenda Isaka.

Kwa hiyo reli hii inafikiriwa kama reli ya mizigo. Abiria wamo katika maelezo ya mradi, lakini si wao wanaohalalisha gharama. Jambo hilo huamua mahali pa stesheni. Reli ya mizigo mizito hutafuta mwinuko mdogo na kona pana. Hufuata mabonde na kukwepa milima. Mji wa Ngara uko juu ya mgongo wa milima, kama yalivyo maboma mengi ya kikoloni, na Rusumo iko chini bondeni. Mhandisi akiachiwa peke yake ataweka stesheni bondeni mahali patupu na wananchi watajitafutia bodaboda.

Njia nyingine ni kuipanga stesheni pamoja na chuo, iwe kituo cha kampasi. Kituo hicho ni kitu cha aina gani, basi? Kwa sura hakitofautiani na kituo kingine kidogo cha pembezoni mwa mji: sakafu mbili za kupandia, kivuko cha juu, dirisha la tiketi. Tofauti iko katika abiria. Kituo cha kawaida cha pembezoni hutoa watu asubuhi na kuwapokea jioni, na treni hurudi tupu upande wa pili. Kituo cha kampasi hupokea watu asubuhi na kuwatoa jioni, hivyo hujaza treni zilezile ambazo zingerudi tupu. Wanafunzi pia hawasafiri wakati mmoja: mwenye kipindi saa 2 hupanda mapema, mwenye maabara saa 8 hupanda mchana, na aliyekuwa maktaba huondoka usiku. Kwa shirika la reli hawa ni abiria wenye faida kuliko wanavyoonekana, maana hawalazimishi kununua mabehewa mapya. Hasara ni likizo, ambapo kituo hulala kwa wiki kadhaa, na siku za kufungua na kufunga chuo, ambapo watu hujaa na masanduku na magodoro.

Ulimwenguni vituo vya namna hii vimepatikana kwa njia tofauti. Huko Birmingham, Uingereza, reli ya pembezoni ilifunguliwa mwaka 1876, na mwanzoni mwa karne ya 20 chuo kikuu kikajengwa Edgbaston, kando yake kabisa. Treni zilipita zikionekana madirishani mwa madarasa kwa karibu miaka 70 bila kusimama. Kituo kilifunguliwa mwaka 1978 tu. Reli ilikuwepo, chuo kilikuwepo, kilichokosekana ni uamuzi. Hong Kong ilikuwa tofauti. Chuo cha Chung Chi kilipohamia Ma Liu Shui mwaka 1956, kituo kilifunguliwa mwaka huohuo kwa ajili yake, miaka 7 kabla ya chuo hicho kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong.

Mfano ulio karibu zaidi na fikra za nchi za Maziwa Makuu, kwa sababu ya uhusiano wa zamani na Ubelgiji, ni Louvain-la-Neuve. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven kilipogawanyika kwa sababu ya lugha, upande wa Kifaransa ulitafuta ardhi ya mashamba na kuanza mji mpya mwaka 1971. Reli fupi ya kutoka Ottignies iliingizwa chini ya katikati ya mji, na stesheni ikafunguliwa mwaka 1975. Mji, chuo na treni vilichorwa kwenye karatasi moja.

Barani Afrika, Cape Town ina vituo viwili vya aina hii vinavyofuatana, Unibell na Pentech, vilivyoitwa kwa majina ya taasisi vinazozihudumia: Chuo Kikuu cha Western Cape na iliyokuwa Peninsula Technikon. Chuo cha Western Cape kilianzishwa na serikali ya ubaguzi wa rangi kwenye eneo la vichaka nje ya mji, na treni ilikuwa njia ya wanafunzi wasio na gari kufika darasani. Mfano huo una onyo ndani yake. Wizi wa nyaya na uharibifu wa miundombinu ulipozidhoofisha treni za Cape Town mwishoni mwa miaka ya 2010, waliotegemea reli peke yake ndio waliotaabika kwanza. Kituo bila treni ni jengo la kujikinga na mvua.

Afrika Mashariki haina kituo kilichochorwa kwa ajili ya chuo tangu mwanzo. Ina vya kukaribiana. Nairobi, kituo cha Kahawa kwenye reli ya kwenda Ruiru na Thika kiko upande wa Kahawa West, jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho kilianzia katika kambi ya zamani ya jeshi la Waingereza iliyokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965. Reli ilijengwa kwa ajili ya mashamba ya Thika, na treni za leo zimepangwa kwa wafanyakazi: asubuhi kuingia mjini, jioni kutoka. Mwanafunzi anayeishi mjini na kusoma Kahawa anahitaji kinyume chake.

Dar es Salaam somo ni chungu zaidi. Chuo kikuu kilihamia Mlimani mwaka 1964, kama kilomita 13 kutoka katikati ya jiji, na kwa miongo mingi wanafunzi wake walijua daladala tu. Oktoba 2012 treni ya abiria ya mjini ilianza kati ya stesheni kuu na Ubungo Maziwa, kwa kupita Buguruni na Tabata. Wakazi waliiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Ilitumia reli ya zamani iliyokuwa ikihudumia viwanda. Kutoka Ubungo Maziwa mabweni ya chuo yaliyoko Mabibo yako jirani, lakini Mlimani bado ni safari nyingine ya daladala au bodaboda, na treni ilipangwa asubuhi na jioni tu. Kilomita chache hizo ndizo zilizofanya treni ya Ubungo isiwe treni ya chuo. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza kupita Ubungo, mwanafunzi alipata njia ya mjini isiyohitaji reli hata kidogo. Mwaka 2017 chuo kilifungua mabweni mapya Mlimani kwa wanafunzi 3,840. Hilo nalo ni jibu la swali la usafiri, kwani anayelala kampasi hahitaji treni ya kila siku.

Dodoma ilikuwa na nafasi nzuri kuliko miji yote. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007 kwenye vilima vya Chimwaga, kama kilomita 8 kutoka katikati ya mji, kikiwa kimekusudiwa kuchukua wanafunzi 40,000. Miaka 10 baadaye ujenzi wa reli mpya ulianza upande wa Dar es Salaam. Julai 2024 treni za umeme zilianza kufika Dodoma, nauli ya treni ya kawaida kutoka Dar es Salaam ikiwa shilingi 31,000. Kwa mwanafunzi wa Chimwaga ni nafuu kubwa. Hata hivyo kampasi haikupata kituo chake, na kipande cha mwisho cha safari kimeachiwa bajaji. Miaka 10 ilitosha kuvipatanisha vitu viwili vikubwa vya serikali moja katika mji mmoja. Havikupatanishwa.

Ngara na Biharamulo ziko mahali ambapo Dodoma ilikuwa mwaka 2007, hata nyuma yake. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 320,056 Ngara na 323,486 Biharamulo. Pamoja ni wengi kuliko wakazi wa miji kadhaa yenye vyuo vikuu. Mafunzo ya baada ya sekondari yaliyopo ni ya ngazi ya cheti na stashahada, kama chuo cha uuguzi cha Murgwanza, Ngara. Kampasi mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mkoani Kagera, inayojengwa kwa fedha za mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu zilizokopwa Benki ya Dunia, imewekwa Itahwa, wilayani Bukoba. Ni hatua njema kwa mkoa. Kwa kijana wa Rulenge au Kabanga wilayani Ngara, Bukoba bado ni safari ya siku nzima au karibu yake, na mji wa Bukoba hauko kwenye mpango wa reli ya Isaka–Rusumo.

Sehemu nne zinajitokeza kwenye njia hiyo. Ya kwanza ni Nyakanazi, wilayani Biharamulo, ambako barabara ya Kigoma kupitia Kakonko na Kibondo hukutana na barabara ya Kahama. Ya pili ni Lusahunga, njia panda ya kwenda mji wa Biharamulo. Kutoka hapo hadi Rusumo ni kilomita 92 za lami. Ya tatu ni Benaco, mji wa malori wilayani Ngara unaobeba jina la kampuni ya ujenzi ya Kiitalia. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku mbili na kuhifadhiwa hapo, na kambi ikawa mojawapo ya makazi makubwa kabisa nchini. Ya nne ni Keza yenyewe.

Kwa kampasi, Nyakanazi na Benaco ndizo zenye hoja nzito. Nyakanazi hukusanya watu kutoka pande tatu: Kigoma, Kahama na Kagera. Mwanafunzi wa Kibondo angeifikia kwa basi moja. Benaco iko karibu na mpaka, na hapo hoja ni ya kikanda. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu, ili shahada na wanafunzi wavuke mipaka kwa urahisi. Daraja jipya la Rusumo na kituo cha forodha cha pamoja, vilivyozinduliwa rasmi mwaka 2016, vimekwisha kupunguza muda wa kuvuka. Nikeli ya Kabanga na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, zinatoa hata masomo ya kufundishwa: jiolojia, uhandisi wa madini, uhifadhi wa wanyamapori. Keza ilikuwa na sababu moja kubwa, njia panda ya Burundi, na sababu hiyo imedhoofika. Lusahunga iko katikati mno ya msitu na pori kwa kampasi ya kuanzia.

Pingamizi kubwa ni idadi ya treni, na ni la kweli. Kituo cha kampasi cha Birmingham hupata treni kila baada ya dakika chache. Reli ya njia moja inayobeba makasha ya Kigali haiwezi. Kwenye njia moja treni mbili hupishana tu mahali penye njia ya kupishana. Sehemu hizo zikiwa mbali moja na nyingine, treni ya abiria husubiri ya mizigo, na ratiba ya saa 2 asubuhi huvunjika. Kwa hiyo, ikiwa stesheni ya Nyakanazi au Benaco itachorwa kwa kupishana treni za mizigo peke yake, chuo hakitapata treni ya kukiamini hata kikijengwa mlangoni pake. Inabidi urefu wa njia za kupishana na nafasi kati yake uhesabiwe pamoja na treni fupi ya abiria inayokwenda na kurudi kati ya Nyakanazi na Rusumo. Treni ya abiria ya reli ya kiwango hiki nchini hufikia kilomita 160 kwa saa. Umbali wa Lusahunga–Rusumo ungechukua chini ya saa moja pamoja na vituo vya njiani, na hapo wilaya mbili zingegeuka kuwa mji mmoja mrefu, ambamo mtu anaishi Lusahunga, anasoma Benaco na kurudi nyumbani jioni.

Pingamizi la pili ni kwamba mabweni ni rahisi kuliko treni. Kwa chuo kinachoanza na wanafunzi wachache ni kweli, na mfano wa Mlimani unathibitisha. Lakini mabweni hayawafikishi wahadhiri, wauguzi wa zahanati, wapishi, mafundi na walimu wanaosoma jioni. Watu hawa hulala makwao, na idadi yao hukua kila chuo kinapokua. Pia chuo kilichofungwa ndani ya uzio wake, kilomita 10 kutoka stesheni, hakijengi mji. Stesheni iliyo ndani ya mwendo wa dakika 10 kwa miguu hujenga: maduka ya kunakili, migahawa, nyumba za kupanga, na taa za barabarani zinazomfanya msichana ashuke treni ya saa 3 usiku bila hofu. Hizi taa si jambo dogo katika uamuzi wa mzazi wa Ngara kumruhusu binti yake kusoma.

Kilichobaki ni ardhi, na hapa uwezo upo wilayani. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaipa halmashauri mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi katika maeneo ya upangaji yaliyotangazwa, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji nafasi ya kupanga ardhi yake kabla ya wengine kuipangia. Eneo la hekta mia chache likitengwa leo Nyakanazi na Benaco, kando ya ukanda wa reli na si mbali nao, halitamgharimu mtu fidia kubwa. Likitafutwa baada ya wapimaji kuweka bikoni na bei kupanda, litagharimu, na kampasi itasukumwa kilimani kama Chimwaga. Halmashauri za Ngara na Biharamulo ziwaombe wachoraji wa reli michoro ya stesheni kabla haijapitishwa, na zipeleke ombi la kampasi pamoja na michoro hiyo, katika barua moja.